Nyumba Zilibebwa, Watu Wakapewa Karatasi

Mwezi wa Novemba mwaka 1974, katika jiji la San Francisco, nyumba zilipita barabarani. Zilikuwa nyumba 12 za mbao za karne ya 19. Ziling'olewa kwenye misingi yake, zikainuliwa kwa jeki, zikapandishwa juu ya magurudumu na kuvutwa polepole hadi viwanja vingine vya mtaa uleule. Nyaya zilizokatiza juu ya barabara ziliondolewa ili zipite. Picha za siku zile zipo hadi leo: nyumba nzima, pamoja na nakshi za chini ya paa na madirisha yaliyotokeza mbele kama kifua, imesimama katikati ya lami, na watu wamejipanga kando wakiitazama kama wanaotazama meli ikiingia gatini.

Mtaa wenyewe ni Western Addition, yaani Nyongeza ya Magharibi, kwa kuwa ndiko jiji lilikojiongezea ardhi katika miaka ya 1850. Katika mtaa huohuo, tangu miaka ya 1950 hadi 1970, maelfu ya familia, nyingi zikiwa za Wamarekani Weusi na za Wamarekani wenye asili ya Japani, ziliondolewa ili mtaa uendelezwe upya. Hizo hazikupata magurudumu. Wengi walipewa hati iliyosema kwamba nyumba mpya zikijengwa, wao ndio watakaofikiriwa kwanza.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kila ninapoona picha za nyumba maarufu za Kiviktoria za jiji lile, na ni nani asiyeziona siku hizi kwenye kalenda na matangazo ya mashirika ya ndege, methali hiyo hunijia. Naamini San Francisco ilijifunza kuhifadhi mlango. Waliokuwa ndani, ambao kwa nusu karne walilipa kodi na kupasha moto vyumba hivyo hadi nyumba zikafika kwetu zikiwa zimesimama, hawakuhesabiwa kuwa sehemu ya urithi.

Tuanze na nyumba zenyewe, maana ni nzuri kwelikweli na sitaki mtu adhani nazichukia.

Jina la Victoria linaweza kupotosha. Malkia huyo wa Uingereza alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, lakini California haikuwahi kuwa chini yake. Ilikuwa ya Mexico, kisha dhahabu ikagunduliwa mwaka 1848, na miaka miwili baadaye ikawa jimbo la Marekani. Jina la malkia lilibandikwa tu kwa kuwa nyumba zilijengwa katika zama zake. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1849 na 1915 zilijengwa jijini humo nyumba zipatazo 48,000 za mtindo huo na wa zama zilizofuata za Mfalme Edward. Kiwanja cha kawaida kilikuwa na upana wa futi 25, kama mita saba na nusu. Kiwanja chembamba kikimfunga mjenzi, hana pa kuonyesha ufundi isipokuwa usoni mwa nyumba na kwenda juu. Ndiyo maana zimebanana bega kwa bega, ndefu na nyembamba, na uzuri wote umewekwa mbele. Dirisha lililotokeza nje lilikuwa na kazi yake: San Francisco ni jiji la ukungu, na dirisha la pande tatu hukamata mwanga hata pale jua linapochungulia kidogo.

Mwenyeji wangu katika safari ya kwanza huko alikuwa fundi seremala aliyehamia California kutoka Tanga zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Wakati ule alikuwa akikarabati nyumba moja ya Kiviktoria si mbali na bustani ya Alamo Square. Alinipandisha kwenye jukwaa la ujenzi, akachukua kisu butu, akaanza kukwangua rangi pembeni mwa fremu ya dirisha. Ikatoka bluu ya juzijuzi. Chini yake nyeupe. Chini ya nyeupe kijivu kizito, tabaka mbili. Chini ya kijivu, kahawia iliyopauka, halafu mbao yenyewe ikajitokeza, nyekundu kama gome la mkoko lililochubuliwa. "Shika, kaka," akaniambia. "Hii ina miaka mia na thelathini, na msumari bado unauma kama umepigwa jana."

Mbao hiyo ni ya redwood, miti mirefu kuliko yote duniani, inayoota kwenye pwani ya California kaskazini mwa jiji. Ilikatwa kwa maelfu na kuletwa San Francisco kwa merikebu za tanga. Haiozi upesi, na mchwa hawaipendi. Ilipofika mjini iliingia kwenye viwanda vya mbao vilivyoendeshwa kwa mvuke, na hapo ndipo nakshi zilipozaliwa. Nguzo za barazani, vifungo vya maua, vitako (vipande vya mbao vya nakshi) vya chini ya paa, vyote vilikerezwa kwa mashine, vikaorodheshwa kwenye vitabu vya bei, na mjenzi akachagua kama mtu anavyochagua vitenge dukani. Mtindo wa miaka ya 1870, ule wa Kiitalia, ulikuwa na paa lililofichwa nyuma ya ukuta wa uongo wenye vitako vikubwa. Miaka ya 1880 ikaja mistari ya mbao iliyonyooka. Miaka ya 1890 ndiyo ikaleta mtindo wa Queen Anne, wenye vilele vya pembetatu, minara midogo na vigae vya mbao vilivyokatwa kama magamba ya samaki.

Nalieleza hili kwa sababu wengi hudhani nyumba hizi zilikuwa makasri ya matajiri. Makasri yalikuwepo, lakini mengi yalikuwa kwingine. Kampuni moja tu, The Real Estate Associates, ilijenga nyumba zaidi ya 1,000 katika miaka ya 1870 na kuwauzia watu wa kipato cha kati kwa malipo ya awamu: makarani, wenye maduka, manahodha. Tramu za kuvutwa kwa kebo, zilizoanza mwaka 1873, zikawawezesha kuishi mlimani na kushuka kazini kila asubuhi. Ule mstari maarufu wa nyumba za mtaa wa Steiner, unaotazamana na bustani ya Alamo Square, namba 710 hadi 720, ulijengwa na mjenzi aitwaye Matthew Kavanaugh kati ya mwaka 1892 na 1896, na yeye mwenyewe aliishi jirani, namba 722. Zilijengwa ziuzwe, na zilifanana kwa sababu kurudia ramani moja kulipunguza gharama. Uzuri huu ulitoka kiwandani, kwa ajili ya watu wa kawaida, na kwangu hilo linauongezea heshima.

Kisha alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 ardhi ikatetemeka, na moto uliofuata ukawaka kwa siku tatu. Majengo zaidi ya 28,000 yakateketea na watu zaidi ya 3,000 wanakadiriwa kufa. Moto ulipoelekea magharibi, wanajeshi na wazima moto walilipua majengo kwa baruti kando ya barabara pana ya Van Ness ili usipate cha kurukia. Kwa sehemu kubwa uliishia hapo. Western Addition, iliyokuwa ng'ambo ya barabara hiyo, ikapona.

Kupona huko kulibadilisha mtaa mzima. Wenye nyumba waligawa vyumba na kuwapangisha walioungua. Barabara ya Fillmore ikawa ndiyo kitovu cha biashara kwa muda. Wayahudi walikuwa na masinagogi na maduka yao huko, na Wajapani waliopoteza makazi yao katikati ya jiji wakahamia na kuanzisha Nihonmachi, mji wao. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja ikawa ya familia nne, sita, kila moja na jiko lake dogo. Wapenzi wa usanifu huandika kipindi hiki kama anguko. Mimi nakiona kama kipindi ambacho nyumba hizo zilifanya kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu ziliwapokea watu ambao hapakuwa na mlango mwingine uliofunguliwa kwao.

Milango kweli ilikuwa imefungwa. Mwezi wa Februari 1942 Rais Roosevelt alitia saini amri namba 9066, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani wakaondolewa Pwani ya Magharibi na kupelekwa kambini. Nihonmachi ikabaki tupu. Wakati huohuo viwanda vya meli vya vita viliita wafanyakazi, na Wamarekani Weusi wakaja kwa treni kutoka Texas, Louisiana na Arkansas. Mwaka 1940 walikuwa chini ya 5,000 jijini San Francisco. Mwaka 1950 walikuwa zaidi ya 43,000. Sehemu kubwa ya jiji haikuwataka. Mikataba ya nyumba ilikataza kuuziwa mtu asiye mweupe, na hata baada ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1948 kuamua kwamba mikataba hiyo haiwezi kutekelezwa mahakamani, mazoea yaliendelea. Mwaka 1957 Willie Mays, mmoja wa wachezaji bora wa besiboli waliopata kuishi, alikuja kutafuta nyumba wakati timu yake ya Giants ikijiandaa kuhamia San Francisco, akawa na fedha mkononi, na mwenye nyumba akasita kumuuzia kwa sababu majirani walilalamika. Ilibidi mambo yafike magazetini na kwa meya. Ikiwa Mays alipata tabu hiyo, mpiga rivet, yaani mfanyakazi wa kuunganisha mabati ya meli kwa pini za chuma, angepanga wapi? Alipanga Fillmore, kwenye nyumba ya Kiviktoria ya ngazi ndefu na chumba chenye dari ya nakshi.

Na Fillmore ikachanua. Kulikuwa na vinyozi, makanisa, magazeti, hoteli, maduka ya dawa, na vilabu vya muziki wa jazz vilivyoupa mtaa jina la Harlem ya Magharibi, kwa kufananishwa na mtaa maarufu wa Wamarekani Weusi jijini New York. Klabu iliyovuma kuliko zote ilikuwa Jimbo's Bop City, katika nyumba ya Kiviktoria namba 1690 mtaa wa Post. Ilianza kuchangamka baada ya saa nane usiku, vilabu vingine vikishafungwa, na wanamuziki waliomaliza kazi zao mjini wakaja kupigiana muziki hadi alfajiri. Charlie Parker, gwiji wa saksofoni, alipita pale. John Coltrane, gwiji mwingine wa saksofoni, alipita pale. Redwood ilisikia mengi.

Sasa tufike kwenye uharibifu. Maofisa wa jiji walisema mtaa umechakaa, na ukweli ni kwamba nyumba nyingi zilikuwa na hali mbaya: mabomba yanavuja, umeme wa hatari, vyumba vimefurika watu. Lakini uchakavu una chanzo. Mwaka 1937 wakala wa serikali kuu alichora ramani ya jiji na kupaka mitaa rangi kwa daraja za usalama wa mikopo, na Western Addition ikapakwa nyekundu, daraja la mwisho. Benki hazikukopesha hapo. Mwenye nyumba hakuweza kupata mkopo wa kubadilisha paa, na mwenye nyumba anayeishi mbali hakuona sababu ya kutumia senti yake. Ubao wenyewe, kama yule fundi wa Tanga alivyonionyesha, haukuwa na neno. Mtaa ulinyimwa fedha kwa miaka, kisha ukahukumiwa kwa kukosa fedha.

Mwaka 1948 jiji likaunda Wakala wa Uendelezaji Upya, na sheria ya nyumba ya mwaka 1949 ikaleta fedha za serikali kuu. Awamu ya kwanza ilianza miaka ya 1950 na kuipanua barabara ya Geary, hadi ikawa mto wa magari unaopita chini ya Fillmore na kuutenga mji wa Wajapani na majirani zao Weusi. Justin Herman alipochukua uongozi wa wakala huo mwaka 1959, kasi ikaongezeka. Awamu ya pili, iliyoidhinishwa mwaka 1964, ilimeza vitalu vya mtaa vipatavyo 60. Hesabu inayotajwa mara nyingi kwa mradi mzima ni biashara 883 zilizofungwa, kaya karibu 4,700 zilizoondolewa na nyumba za Kiviktoria zipatazo 2,500 zilizovunjwa. Wakazi hawakukaa kimya. Chini ya Mchungaji Hannibal Williams walijiunga katika jumuiya iliyoitwa WACO, wakalala mbele ya matingatinga, wakaenda mahakamani, na Desemba 1968 jaji wa shirikisho akasimamisha kuhamishwa kwa watu hadi pawepo mpango wa kweli wa kuwapa makazi. Zuio hilo halikudumu. Viwanja vingi vilivyosafishwa vikakaa vitupu kwa miaka mingi, vimezungushiwa waya, na magugu yakaota pale palipokuwa na vinyozi.

Nimesikia wakitetea kwamba ndiyo yalikuwa mawazo ya zama zile, kila jiji la Marekani lilivunja. Ni kweli. Lakini ndani ya zama hizohizo, watu wengine waliziona nyumba zilezile kwa macho tofauti. Mwaka 1963 msanii Butch Kardum alipaka nyumba yake bluu na kijani kali, majirani wakacheka, kisha wakaiga. Zilikuwa zimepakwa kijivu kwa miongo, nyingi kwa rangi ya manowari iliyobaki baada ya vita, na hizo ndizo tabaka mbili nilizoziona chini ya kisu. Katika muda mfupi wataalamu wa kupanga rangi wakapata kazi ya kudumu. Shangwe za rangi tano na sita ambazo mtalii anazipiga picha akidhani ni za mwaka 1890 ni matunda ya miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 1971 likaanzishwa shirika la San Francisco Heritage, lililozungumza na wakala na kuokoa zile nyumba 12. Kazi yao ilikuwa njema, na bila wao tungekuwa na maegesho ya magari. Mwaka 1984 eneo la Alamo Square likatangazwa rasmi kuwa wilaya ya kihistoria.

Mpaka leo ukitaka kubadilisha dirisha la mbele katika wilaya hiyo, utajaza fomu na kusubiri kibali, na maofisa watataka kujua umbo la fremu na aina ya mbao. Naikubali sheria hiyo. Kinachonichoma ni kwamba jiji lenye uwezo wa kulinda kitako cha inchi nane chini ya paa liliwahi kusema halina njia ya kumlinda mpangaji wa chumba cha nyuma. Njia ilikuwepo. Walewale walioweza kuondoa nyaya barabarani ili nyumba ipite wangeweza kukarabati nyumba kwa zamu huku wapangaji wakihamia jirani kwa miezi michache, kisha warudi kwa kodi ileile. Wangeweza kuwakopesha wenye nyumba Weusi fedha zilezile walizowapa wavunjaji. Uwezo wa kiufundi ulikuwepo, ukaelekezwa kwenye mbao.

Na thamani iliyolindwa ikaenda kwa nani? Mwaka 1970 Wamarekani Weusi walikuwa kama asilimia 13 ya wakazi wa San Francisco. Sasa ni takriban asilimia 5. Mwaka 2020 nyumba moja ya ule mstari wa Steiner, ikihitaji ukarabati mkubwa ndani, iliuzwa kwa dola milioni 3.55. Zile hati za kipaumbele zimeendelea kuwepo kama makaratasi ya familia. Wengi walizipoteza, wengine walihama zamani kwenda Oakland, Vallejo au kurudi Kusini, na wengi wamekufa. Miaka ya karibuni sheria imeruhusu watoto na wajukuu wao wazidai. Ni hatua ya haki na naiunga mkono, lakini hati hiyo haikupi nyumba. Inakusogeza mbele kwenye foleni ya nyumba za bei nafuu, na lazima kipato chako kitoshe kuilipia.

Wapo wanaosema kosa ni hifadhi yenyewe, kwamba sheria za majengo ya kale zimezuia ujenzi na kupandisha bei, na dawa ni kuvunja na kujenga maghorofa. Western Addition ilishajaribu dawa hiyo. Ilivunja mfululizo kwa miaka, ikajenga barabara pana na majengo makubwa, na watu wakatoweka vilevile. Hifadhi inaweza kuwa ya watu ikiwa itaanza na swali la nani anaishi humu, na ikiwa kibali cha kupaka rangi upya kitakwenda pamoja na ulinzi wa mpangaji.

Ile nyumba ya Bop City nayo ilihamishwa. Klabu ilifungwa mwaka 1965, na katika miaka ya 1970 jengo likang'olewa mtaa wa Post na kuwekwa namba 1712 mtaa wa Fillmore. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaingia humo Marcus Books, duka la familia la vitabu vya watu Weusi lililoanza mwaka 1960 na ambalo lilishahamishwa zaidi ya mara moja ndani ya jiji. Kwa zaidi ya miaka 30 mtu aliweza kupanda ngazi zile na kununua kitabu katika chumba ambacho zamani kilijaa moshi na tarumbeta. Kisha jengo likauzwa. Mapema mwaka 2014 jiji likaliandika katika orodha ya majengo yake ya kihistoria, likitaja duka na klabu kwa majina. Mwezi wa Mei mwaka huohuo duka likatolewa.

Nilipopita pale nilisimama upande wa pili wa barabara. Madirisha yametokeza kama yalivyokuwa kwenye picha za zamani, na nakshi za chini ya paa zipo zote.